Sura ya Tano: Kwa Nini Hawakukimbia na Watoto Wao?

Habari za Wayahudi wa Ulaya wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia zinaposimuliwa, swali moja halikosi kuulizwa, na mara nyingi anayeuliza ni mtu aliyezaa. Waliyaona mambo yakiharibika; kwa nini hawakubeba watoto wao wakakimbia? Swali halina dharau ndani yake. Anayeuliza anajiweka mahali pao, anajiona amefunga mtoto mgongoni usiku na kuishika njia ya mpakani. Katika eneo letu la Maziwa Makuu watu wengi wamefanya hivyo hasa, wakavuka kwa miguu na kwa mitumbwi kuingia Kigoma, Kagera au Uganda.

Wayahudi wa Poland, wa Ufaransa na wa Ugiriki hawakupita njia moja, kwa hiyo jibu la jumla litatudanganya. Katika sura hii nimeichagua Uholanzi, nchi ndogo, tajiri, yenye sheria na utulivu. Mwaka 1940 ilikuwa na Wayahudi wapatao 140,000. Vita vilipokwisha, karibu 102,000 kati yao walikuwa wameuawa, yaani takriban watatu katika kila wanne. Hakuna nchi nyingine ya Ulaya Magharibi iliyopoteza sehemu kubwa kiasi hicho ya Wayahudi wake. Ulaya nzima, watoto wa Kiyahudi waliouawa wanakadiriwa kufika milioni moja na nusu.

Walikuwa wamekwisha kukimbia

Jibu la kwanza watu wengi hawalitarajii: maelfu ya familia hizo zilikuwa zimekwisha kukimbia, na Uholanzi ndiko walikokimbilia. Wanazi, chama cha Adolf Hitler kilichofundisha kwamba Myahudi ni adui kwa damu yake hata awe mtoto mchanga, walishika utawala wa Ujerumani mwaka 1933. Familia za Kiyahudi zikaanza kuhama. Anne Frank, msichana ambaye shajara yake inasomwa duniani kote, alizaliwa Frankfurt mwaka 1929 na akapelekwa Amsterdam akiwa mtoto mdogo. Wazazi wake walifanya kile ambacho swali letu linawadai wafanye.

Kwenda mbali zaidi kulihitaji viza, nauli na mtu wa kukudhamini. Julai 1938 wajumbe wa nchi 32 walikutana Evian, Ufaransa, kuzungumzia wakimbizi hao, na karibu wote walirudi kwao bila kufungua milango. Wakimbizi wachache walifika hata Kenya. Stefanie Zweig, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri, aliletwa huko na wazazi wake mwaka 1938 akiwa na umri wa miaka mitano au sita, akakulia mashambani. Uingereza ilikubali kuwapokea watoto wapatao 10,000 bila wazazi wao, na wengi wa watoto hao hawakuwaona wazazi tena.

Tarehe 10 Mei 1940 majeshi ya Ujerumani yaliivamia Uholanzi. Siku nne baadaye ndege zao ziliuteketeza moyo wa mji wa Rotterdam. Jioni hiyo hiyo mwanamke mmoja wa Kiholanzi, Geertruida Wijsmuller, aliwapakia kwenye mabasi watoto zaidi ya 70 wa Kiyahudi waliokuwa wakilelewa katika nyumba ya yatima ya Amsterdam, akawakimbiza hadi bandari ya IJmuiden na kuwaingiza katika meli iitwayo Bodegraven. Meli ikang'oa nanga kuelekea Uingereza. Wakati huo nchi ilikuwa ikisalimu amri.

Baada ya hapo, utakimbilia wapi? Mashariki ni Ujerumani yenyewe. Kusini ni Ubelgiji, nayo imetekwa. Kaskazini na magharibi ni bahari. Nchi ni tambarare, haina milima wala misitu ya maana, na kila kijiji kina barabara nzuri. Njia ya Uswisi au Uhispania ilipita katika nchi mbili zilizotekwa. Waliojaribu ni wachache, na wenye mtoto mchanga wa kulia usiku walikuwa wachache zaidi.

Amri moja leo, nyingine mwezi ujao

Januari 1941 iliamriwa kwamba kila mwenye damu ya Kiyahudi ajiandikishe. Karibu wote walitii. Uholanzi ilikuwa nchi ambamo raia aliandikishwa kwa kila jambo, na ofisa mkuu wa usajili, Jacob Lentz, alikuwa ametengeneza kitambulisho ambacho ni vigumu mno kukighushi. Vya Wayahudi vilipigwa muhuri wa herufi J. Orodha zilipokamilika, watawala walijua kila mtoto analala nyumba gani.

Kisha zikaja amri zilizomgusa mtoto moja kwa moja. Kati ya mwaka 1941 na kiangazi cha 1942, mtoto wa Kiyahudi wa Amsterdam alikatazwa:

- kuogelea katika mabwawa ya umma, kuingia bustani za mji na bustani ya wanyama;
- kusoma shule moja na wenzake wasio Wayahudi, kuanzia muhula wa Septemba 1941;
- kutoka nje bila nyota ya njano nguoni akiwa ametimiza miaka sita, kuanzia Mei 1942;
- kupanda tramu, na kumiliki baiskeli;
- kuingia nyumba ya rafiki asiye Myahudi, na kuwa nje baada ya saa 2 usiku.

Tazama tarehe hizo. Kati ya amri na amri ilipita miezi, na kila amri ilikuwa ya kuvumilika kidogo. Mtoto anaweza kuishi bila kuogelea. Anaweza kubadilisha shule. Mama anaweza kushona kitambaa cha njano kwenye koti, ingawa mkono unatetemeka. Hakuna hata amri moja kati ya hizo ambayo peke yake ingemfanya mzazi mwenye akili timamu amkabidhi mwanawe kwa mtu asiyemjua. Naamini huo ndio ukatili mkubwa wa utaratibu ule: ulimzoesha mtu kila ngazi kabla ya kumshusha nyingine.

Katika shule za Kiyahudi mwalimu alianza kila asubuhi kwa kuita majina. Kuanzia Julai 1942 majina yasiyoitikiwa yaliongezeka. Asiyekuwepo huenda amechukuliwa, huenda amefichwa. Wanafunzi walijifunza wenyewe kutouliza, kwa sababu kuuliza kungeweza kumponza aliyefichwa. Madawati yaliendelea kubaki matupu mpaka madarasa yakaunganishwa, na hatimaye shule zenyewe zikafungwa.

Mwito wa kwenda "kazini"

Julai 1942 barua zilianza kufika majumbani. Zilisema mhusika anaitwa kwenda kufanya kazi chini ya ulinzi wa polisi huko Ujerumani, na zilimwelekeza afungashe nini. Miongoni mwa walioitwa mwanzoni walikuwa vijana wa miaka 16. Margot, dada yake Anne Frank, alipata barua ya namna hiyo, na familia ikaenda mafichoni kesho yake.

Waliochukuliwa walipelekwa Westerbork, kambi ya mpito, yaani mahali pa kuwaweka watu kwa muda kabla ya kuwasafirisha. Serikali ya Uholanzi ilikuwa imeijenga mwaka 1939 kwa ajili ya kuwahifadhi wakimbizi wa Kiyahudi kutoka Ujerumani. Wanazi waliikuta tayari. Ndani yake kulikuwa na shule, hospitali na nyumba ya yatima, na watoto walisoma hesabu kana kwamba mwaka utakwisha salama. Treni iliondoka kwa kawaida kila Jumanne. Treni ya kwanza kwenda Auschwitz, kambi ya mauaji katika Poland iliyotekwa, iliondoka tarehe 15 Julai 1942, na mpaka Septemba 1944 treni zaidi ya 90 zilikuwa zimechukua watu zaidi ya 100,000. Kati ya Machi na Julai 1943 treni 19 zilikwenda Sobibor, mashariki mwa Poland, zikiwa na watu wapatao 34,000. Karibu wote waliuawa kwa gesi siku waliyofika. Waliorudi hai ni 18.

Mzazi wa mwaka 1942 hakuzijua hesabu hizi. Alichojua ni kwamba kuna kazi ngumu mashariki, kuna baridi na njaa, na kwamba mtoto mwenye baba na mama ana nafuu kuliko aliyeachwa peke yake. Tangu zamani, kote duniani, hivyo ndivyo watu walivyofikiri, na katika vita vingine wangekuwa sahihi.

*Kwa ufupi:* mipaka ilifungwa ndani ya siku tano. Majina ya wote yaliandikwa mapema. Mateso yalipandishwa kidogo kidogo. Na mwisho wa safari ya treni ulifichwa. Familia nzima haikuweza kukimbia. Kilichobaki ni jambo ambalo waulizaji wa swali letu hawalitaji kamwe: kumtoa mtoto peke yake.

Chekechea ya Plantage Middenlaan

Katika barabara ya Plantage Middenlaan mjini Amsterdam lilikuwepo jumba la maonyesho, Hollandsche Schouwburg. Wanazi waliligeuza kuwa mahali pa kuwakusanya Wayahudi kabla ya kuwapeleka Westerbork. Watu walilala kwenye viti na sakafuni, mamia kwa mamia, siku kadhaa. Watoto walilia mno na nafasi haikutosha, kwa hiyo wadogo wakahamishiwa katika chekechea iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Wazazi walibaki jumbani, watoto kule, barabara na walinzi katikati.

Chekechea hiyo iliongozwa na Henriëtte Pimentel, mwanamke wa Kiyahudi aliyevuka miaka sitini. Jumba lilisimamiwa na Walter Süskind, Myahudi aliyekimbia kutoka Ujerumani mwaka 1938, akifanya kazi chini ya Baraza la Wayahudi, chombo kilichoundwa kwa amri ya Wanazi ili amri zao zitekelezwe kwa Wayahudi kupitia watu wao wenyewe. Nyumba ya pili kutoka chekechea ilikuwa chuo cha ualimu, na mkuu wake alikuwa Johan van Hulst, Mprotestanti. Hao watatu, pamoja na wauguzi vijana wa chekechea na wanafunzi wa vyuo vikuu vya Amsterdam na Utrecht, walianza kuwaiba watoto.

Kazi ilianza kwa kuwauliza wazazi. Hapo ndipo ninapoomba msomaji asimame kidogo. Muuguzi, mara nyingi msichana asiyezidi miaka ishirini, alivuka barabara, akaingia jumbani na kumwendea mama aliyechoka, akamwuliza kwa sauti ya chini kama angependa mwanawe abaki. Hakuweza kumwambia atapelekwa wapi, kwa sababu mwenyewe hakujua. Anayejua anaweza kuteswa akasema. Hakuweza kumwahidi kwamba ataishi. Hakuweza hata kumweleza kwa hakika kwamba safari ya treni ni mbaya zaidi. Mama alikuwa na usiku mmoja, pengine saa chache. Wengi walikataa. Sioni mtu aliye na haki ya kuwalaumu waliokataa, wala ya kusema kwamba waliokubali walipenda zaidi.

Mzazi akikubali, kadi ya mtoto ilitolewa katika faili, au idadi ikabadilishwa, maana mlinzi aliyehesabu vichwa akikosa mmoja wote wangeangamia. Süskind alijua Kijerumani sawasawa na akajifanya rafiki wa maofisa, akawachelewesha kwa maongezi. Kisha ikabaki kumtoa mtoto. Tramu ilisimama mbele ya chekechea, ikamkinga mlinzi wa ng'ambo asione mlango. Muuguzi akatoka na mtoto, wakatembea upande wa tramu mpaka kona na kuipanda kituo kilichofuata. Wachanga walibebwa ndani ya mabegi ya mgongoni, magunia na makapu ya nguo. Wengine walipitishwa juu ya ua wa bustani hadi chuoni kwa van Hulst, wakalazwa darasani mchana mpaka mwanafunzi mwenye tiketi ya treni aje kuwachukua.

Watoto wapatao 600 waliokolewa kwa njia hiyo. Ni wengi, na ni wachache mno ukilinganisha na waliopita katika nyumba ile. Pimentel alikamatwa Julai 1943 na kuuawa Auschwitz Septemba mwaka huo. Süskind alikuwa na binti yake mdogo. Yeye, mkewe na mtoto walipelekwa mwaka 1944, na hakuna aliyerudi. Mtu aliyeingiza mikono yake katika faili mamia ya mara kuwatoa watoto wa wenzake hakuweza kumtoa wake.

Mwishoni mwa Septemba 1943 chekechea iliamriwa kuondolewa watoto wote. Van Hulst alijua angeweza kuchukua wachache tu bila mpango kugundulika. Alichukua 12. Aliishi mpaka miaka 107, akafariki Machi 2018, na uzeeni alisema hakuacha kujiuliza kwa nini hakuchukua 13.

Kazi ya mtoto aliyefichwa

Kwa kuwa Anne Frank ndiye tunayemjua, tunadhani mafichoni ni chumba kimoja, familia nzima, miaka miwili. Familia yake ilikuwa na bahati isiyo ya kawaida katika jambo hilo moja. Watoto wengi walifichwa bila wazazi, mara nyingi hata bila kaka au dada, na wakahamishwa nyumba baada ya nyumba kila jirani alipoanza kuuliza maswali.

Mtandao wa siri uliwapeleka zaidi mikoa miwili ya mbali: Friesland kaskazini, yenye wakulima Waprotestanti, na Limburg kusini, yenye wachimba makaa ya mawe Wakatoliki. Nywele zilichangia uamuzi. Mtoto mwenye nywele za dhahabu alipelekwa kaskazini, mwenye nyeusi kusini, ambako asingeonekana mgeni. Familia nyingi zilizowapokea zilikuwa maskini na zenye watoto wao tayari. Chakula kilikuwa cha mgawo, kwa kuponi, na mtoto asiyekuwa na kadi hana mgawo. Kuponi zake ziliibwa au kughushiwa na watu waliohatarisha maisha.

Kisha mtoto mwenyewe akaanza kazi. Alipewa jina jipya na kulizoea mpaka aitwapo akiwa usingizini aitike kwa hilo. Alipewa historia: ni yatima wa Rotterdam, nyumba yao imeungua kwa mabomu. Ilifaa kwa sababu wengi walikuwa kweli wamepoteza makazi huko. Alijifunza lafudhi ya kijiji, sala za kabla ya kula, ishara ya msalaba kama nyumba ni ya Kikatoliki. Alikula nguruwe bila kukunja uso. Mvulana aliyetahiriwa hakuoga mbele ya wenzake. Na alijifunza kutolia kwa sababu ambayo hawezi kuitaja. Wapo waliofanya hayo yote wakiwa na miaka minne.

Hatari haikupungua. Mwaka 1943 kundi la Waholanzi wenyewe, likiongozwa na Wim Henneicke, lililipwa guilder saba na nusu kwa kila Myahudi waliyemfichua, mtoto au mzee, na ndani ya miezi michache lilikamata zaidi ya 8,000. Kwa upande mwingine, Machi 1943 wasanii na wenzao, wakiwemo Willem Arondeus na Gerrit van der Veen, walichoma moto ofisi ya usajili ya Amsterdam ili kadi ziungue. Kadi zilibanwa sana ndani ya makabati, sehemu kubwa ikasalimika. Arondeus na wenzake 11 walipigwa risasi.

Watoto wengi hawakupata mtu wa kuwaficha. Juni 1943, katika kambi ya Vught, ilitangazwa kwamba watoto wote waondoke, kila mmoja akisindikizwa na mzazi. Karibu 1,300 walipelekwa Westerbork, na kutoka huko Sobibor.

Mei 1945, mlango unagongwa

Tungependa kusema hapa kwamba vita vilikwisha na watoto wakarudi nyumbani. Mlango uligongwa kweli kwa baadhi yao. Mwanamke mwembamba, nywele fupi, alisimama kizingitini akasema yeye ni mama, na mtoto wa miaka mitano akajificha nyuma ya sketi ya mwanamke aliyemjua. Wote wawili walikuwa mama zake, na hakuna aliyekosea.

Kwa wengi hakuna aliyegonga. Watoto zaidi ya 1,000 walibaki yatima. Serikali ya Uholanzi iliunda tume ya kuamua nani awalee, na mabishano yakawa makali. Jamii ya Kiyahudi iliyobaki ilisema: hawa ndio waliotubakia, wazazi wao walituachia. Baadhi ya walezi walisema: mtoto amekwisha kumpoteza mama mara moja, mnataka kumpokonya mama tena? Wengine walikuwa wamewabatiza. Baadhi ya watoto hao walibaki nje ya familia za Kiyahudi. Nadhani kosa kubwa la tume lilikuwa kuwapa sauti ndogo sana ndugu waliosalia, shangazi na wajomba waliorudi mikono mitupu wakimtafuta mtoto mmoja wa ukoo. Lakini kumng'oa mtoto kwa walezi waliompenda nako kuliacha jeraha, na waliopitia hilo wamelisema.

Daktari Hans Keilson aliwafahamu watoto hawa kuliko watu wengi. Alikimbia kutoka Ujerumani mwaka 1936, akaishi Uholanzi mafichoni kwa jina la bandia, na wakati huohuo akawatembelea watoto waliofichwa walioanza kukojoa kitandani, kukataa chakula au kunyamaza kabisa. Wazazi wake mwenyewe waliuawa Auschwitz. Baada ya vita aliwatibu yatima, akawafuatilia mpaka ukubwani, na mwaka 1979 akachapisha utafiti wake. Aliyagawa mateso yao katika vipindi vitatu: kuanza kwa amri na vitisho, kutengwa na wazazi, mafichoni au kambini, na miaka iliyofuata amani. Alichokiona ni kwamba kipindi cha tatu kiliamua mengi. Mtoto aliyepita katika mabaya makubwa lakini akapokelewa vizuri baadaye aliweza kuwa na hali nzuri kuliko aliyeteseka kidogo vitani kisha akapokelewa vibaya.

Kupokelewa vibaya hakukuhitaji ukatili. Ilitosha kuambiwa: wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki kitu, wewe ulikuwa shambani unakunywa maziwa wakati wenzako wakifa. Wengi waliamini hivyo, wakanyamaza kwa nusu karne. Mwaka 1991 waliofichwa utotoni walikutana New York kwa mara ya kwanza kwa wingi, na mwaka uliofuata wakakutana Amsterdam. Walikuwa watu wazima wa miaka hamsini na zaidi, baadhi wana wajukuu. Lipo swali ambalo wengi wao wamelibeba muda wote huo, nalo ni kinyume cha lile tulilouliza mwanzoni mwa sura. Wao hawaulizi kwa nini wazazi wao hawakukimbia. Wanauliza kwa nini mama alikubali kuwaachia.